Paka Wetu Zafarani na Maradhi ya Sukari



Mwaka mzima mmekuwa mkituuliza, hasa nyinyi wa darasa la pili, kama ni kweli kwamba paka wa ustadhi anapigwa sindano. Ni kweli. Anapigwa mara mbili kwa siku, na leo tumeona tukuelezeni habari yake, ili wale wanaosema ana majini wapumzike.

Paka huyu tulimchukua katika kituo cha kutunzia wanyama hapa Unguja. Mwenyewe wa kwanza alihama kisiwani akamwacha. Ni dume aliyehasiwa, manjano iliyoiva, umri yapata miaka minane, na alikuwa mnene. Watoto wakamwita Zafarani. Tukamlisha tulichokula wenyewe: wali, boflo lililorowekwa kwenye maziwa, na kichwa cha samaki siku ya samaki. Baada ya miezi michache akawa anakunywa maji bila ya kukinai, anakojoa kupita kiasi, anakula sana na huku anakonda. Kisha miguu ya nyuma ikalegea. Akawa anakanyaga kwa kisigino, wala si kwa vidole kama paka wenziwe. Hapo ndipo jirani alipoanza kutaja majini.

Daktari wa mifugo akampima damu, akasema ni sukari. Tulidhani anafanya mzaha. Maradhi hayo tunayo nyumbani. Mama yetu anajidunga insulini kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Umeme ulipozimika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, dawa yake tuliiweka ndani ya chungu kilichozungushwa kitambaa kibichi, tukikimwagia maji asubuhi na jioni. Lakini paka?

Naam, paka. Daktari akatueleza kuwa unene na chakula kingi cha wanga humponza mnyama huyu, ambaye maumbile yake ni kula nyama. Miguu ilikuwa imelegea kwa sababu sukari imedhuru mishipa ya fahamu, na huenda ikapona. Akaamuru wali na boflo vikome, apewe samaki na nyama, na insulini yuniti moja asubuhi na moja jioni, baina yao masaa kumi na mawili. Damu tuipime nyumbani kwa kumtoboa kidogo ukingo wa sikio, kwani paka akiogopa mbele ya daktari sukari yake hupanda. Na bomba la sindano lilingane na chupa: insulini ya binadamu kwa kawaida ina yuniti 100 katika mililita moja, na ipo ya wanyama yenye yuniti 40. Ukichanganya umeua.

Barazani tulisemwa. Mzee mmoja alituambia mbele ya watu, "Maalim, kuna binadamu hawana dawa hiyo, nyinyi mnampa paka." Hatukuwa na jawabu, na mpaka leo hatuna jawabu la kumtosheleza. Tulichofanya ni kuacha soda na kununua dawa ya paka kwa fedha hizo, tusiguse fungu la mama.

Mama mwenyewe hakumtaka. Alilalamika kwamba paka analamba maji yake ya udhu. Tukamkumbusha kisa cha Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha udhu ili anywe vizuri. Akatujibu, "Hadithi naijua kabla hujazaliwa. Chupa yangu tu asiikaribie." Basi ndani ya firiji tukaandika majina juu ya chupa mbili, na tukafungua daftari la Zafarani: saa, yuniti, amekula nini.

Ukaingia Ramadhani. Asubuhi moja tuliporudi msikitini tuliona kibakuli chake kitupu, tukajua amekula, tukampiga sindano yake na kwenda kulala kidogo kabla ya darasa. Kumbe chakula kilikuwa kimeliwa na paka wa uchochoroni. Kiasi cha saa nne mtoto akaja mbio madrasa kutuita. Tulimkuta Zafarani chini ya kitanda, anatetemeka, macho yamepanuka, na mama amepiga magoti kwenye sakafu anampaka asali kwenye fizi kwa kidole. Hakummiminia, kwani akimiminiwa ingeweza kumwingia mapafuni. Baada ya muda akainua kichwa, akaanza kulamba. Tukampeleka kwa daktari, akakaa huko hadi jioni.

Usiku, baada ya tarawehe, tulimuuliza mama amejuaje kuwa sukari imeshuka. Akanyamaza. Kisha akasema, "Juzi yamenikuta mimi."

Alikuwa anafunga. Sisi tulidhani anakula mchana chumbani mwake, kama daktari wake alivyomuamuru, na kwa staha hatukumuuliza. Alikuwa anajidunga kama kawaida na kushinda na njaa, na juzi yake adhuhuri jasho lilimtoka, miguu ikamuisha nguvu, akalala sakafuni peke yake mpaka alipopata fahamu ya kufikia sukari. Hakutuambia, maana alijua tutamwambia afungue. Zafarani alikuwa na daftari lenye kila yuniti na kila kipande cha samaki. Mama yetu hakuwa na hata mstari. Na mlango wa rukhsa ya mgonjwa, wanafunzi wetu, tunausomesha kila Shaabani ubaoni.

Siku ya pili tulimpeleka kwa daktari wake, naye alikuwa mkali kuliko tulivyotarajia. Mama alilia njia nzima kurudi. Hakulilia maradhi, alililia saumu, kwani tangu utoto hajawahi kuiacha Ramadhani ila kwa udhuru wa uzazi. Siku zilizobaki akawa anapima kibaba cha mchele kwa kila siku, akimpelekea mwenyewe mjane wa nyumba ya tatu. Sisi alitukataza kumbebea.

Zafarani sasa anakanyaga tena kwa vidole. Daktari amempunguzia mpaka nusu yuniti, na anasema wapo paka wanaofika pahala wakaiacha sindano kabisa. Tunaweka chakula kwanza, tunakaa hapo hapo tukimtazama mpaka ale, ndipo sindano. Daftari lina safu mbili siku hizi. Yake mama anaijaza mwenyewe, na ya paka vilevile, kwa kuwa anasema hati yetu haisomeki.