Barua kutoka Yokohama: Upige Picha Mkwaruzo

Ndugu zangu wa nyumbani,

Wengi mnaniandikia mkiuliza kama magari mnayoyaona Facebook na Instagram, yaliyoandikwa "kutoka Japani", ni ya kweli. Leo nawaeleza wenye yadi wa huku wanavyotangaza mtandaoni, maana matangazo yao yana jambo moja ninalotamani sana lifike Dar es Salaam na Mombasa: yanaonyesha kasoro.

Fungua ukurasa wa yadi ya kawaida hapa mjini. Picha ya kwanza ni gari limeoshwa, linameta, kama kwingine kote. Endelea kutazama. Utakuta bampa lililokwaruzwa, limepigwa picha kwa karibu, na kidole cha muuzaji kikionyesha pale pale. Kisha mlango uliobonyea, kiti kilichoungua sigara, dashibodi yenye kilomita zinazosomeka. Si hiari tupu. Kanuni za ushindani wa haki za wafanyabiashara wa magari Japani zinataka tangazo la gari lililotumika liseme kama fremu yake imewahi kutengenezwa, na tangu Oktoba 2023 litaje bei nzima atakayolipa mnunuzi, gharama za usajili zikiwemo. Ule mtindo wetu wa "bei njoo inbox" huku haupo.

Maswali ya mteja huhamia LINE, programu ya ujumbe ambayo karibu kila mtu anayo. Akiuliza usiku, asubuhi anapata video fupi: injini inawashwa, chini ya gari panamulikwa tochi.

Kwenu mnaonunua mkiwa mbali, kilicho muhimu kuliko video ni karatasi ya mnada. Magari mengi yanayopakiwa kwenda Afrika Mashariki hupitia mnadani kwanza. Mnada wa kampuni ya USS kule Noda, mkoani Chiba, hufanyika kila Alhamisi. Mkaguzi wa mnada huandika alama kwenye karatasi hiyo: 4.5 ni gari safi sana, 3 limechoka, R limewahi kutengenezwa fremu, mara nyingi baada ya kugongwa. Juu ya mchoro wa gari huweka A penye mkwaruzo, U palipobonyea, W palipowahi kunyooshwa, S penye kutu. Kilomita nazo zimo.

Karatasi hiyo ni nadra kuiona kwenye matangazo yetu ya Kiswahili. Utakuta Toyota IST ina picha nzuri tupu, chini pameandikwa "kama mpya". Inaniuma, kwa sababu najua fedha ya mnunuzi inatoka wapi: mkopo wa SACCOS, kiinua mgongo cha mzee, akiba ya kijana anayetaka kuanza teksi. Basi kabla hujatuma chochote, dai karatasi, na ulinganishe namba ya chesisi na ile iliyo kwenye hati ya kusafirishia gari. Ndugu wa Kenya, tazameni na mwaka wa usajili wa kwanza. Gari lililopita miaka 8 haliingii, hata tangazo likipendeza vipi.

Na wewe unayesimamia ukurasa wa yadi pale Kinondoni au Ngong Road, anza wiki hii na gari moja. Karatasi ya mnada iwe picha ya pili. Andika bei pamoja na ushuru. Mkwaruzo wa bampa upige picha mchana, kwenye mwanga. Kisha nitumie kiungo; nitakisambaza kwa Watanzania na Wakenya wote ninaowafahamu huku, wengi wao wanatafutia wazazi gari.

Ndugu yenu,
Yokohama