Dhamana ni Ahadi

Mwuzaji hutoa dhamana kwa furaha siku ya kuuza, lakini uzito wa dhamana hiyo hupimwa siku ya madhara. Mimi hukaa Kibera na kufanya kazi Kawangware; baiskeli ndiyo miguu yangu, na nilijinyima mwaka mzima ili niinunue. Fremu yake ni ya nyuzi za kaboni zilizoshikamanishwa kwa gundi. Ilipata ufa katika mwezi wa nne wa dhamana ya miaka miwili. Mwenye duka alikataa kuibadili, akadai kuwa niliigonga.

Fundi mmoja wa Kawangware aliichunguza. Alinieleza kuwa chuma huungwa kwa moto, lakini kaboni haiungwi hivyo, maana moto huteketeza gundi. Kisha akanionyesha ndani ya ufa nyuzi kavu ambazo gundi haikuzifikia kiwandani.

Sikugombana na mtu. Niliandika barua ya heshima, nikaambatisha stakabadhi, hati ya dhamana na picha za nyuzi zile. Nilikumbusha kuwa Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na kwamba Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Baada ya wiki mbili nilipewa fremu mpya.

Ahadi ni deni, na deni hudaiwa kwa ushahidi, si kwa kelele. Anayetunza hati zake hutunza haki yake.