Baiskeli ya Sh45,000

Umewahi kusimama mbele ya kitu ukakitamani mpaka mate yakakukauka? Hayo ndiyo yaliyonipata mjini Kitale. Dukani palitundikwa baiskeli ya mbio, mtumba kutoka ng'ambo, rangi ikimetameta. Sh45,000! "Mwalimu, hii utaruka nayo," muuzaji akanirai.

Nyumbani nina Black Mamba, chuma cha zaidi ya kilo 20. Kila mwisho wa mwezi huipanda kwenda kumjulia hali mama mzazi, nje kidogo ya Bungoma, safari ya zaidi ya kilomita 70. Kwenda si kazi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma iko chini yake kwa mita kama 500. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu hadi Webuye, wewe ni kushika breki tu. Ngoja sasa urudi! Mamba haina gia, na mara nyingi mimi hushuka nikaisukuma kama mkokoteni.

Basi nikapiga hesabu. Mimi nina kilo 75. Nikiwa na Mamba tunakuwa 95. Na hiyo ya mbio, yenye kilo 10 hivi, 85. Kumbe mlimani ningepunguziwa kama sehemu moja kwa kumi ya jasho. Zile tisa bado ni zangu! Kilichokuwa kikinitesa hasa ni kukosa gia, wala si uzito.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, hakuridhika. "Mjomba, na Chris Froome je?" Naam, Froome alizaliwa Nairobi, akanolewa na David Kinjah kule Kikuyu, akashinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Lakini Froome, nikamjibu, hakuwa akibeba gunia la mahindi.

Wala hakumbeba mama yake. Mwaka jana mama alishikwa na homa kali usiku, mvua imenyesha, hakuna pikipiki iliyokubali kuingia kwenye tope lile. Nilimketisha kwenye keria ya Mamba, nikamfunga kwa leso kiunoni mwangu, nikasukuma pedali polepole hadi zahanati. Baiskeli ya mbio haina keria, na magurudumu yake ni membamba kama kidole. Isitoshe, fundi wa kijijini kwetu aliniambia wazi kwamba pampu yake haiingii kwenye mdomo wa tyubu zile.

Nilinunua baiskeli ya kawaida yenye gia, mtumba vilevile, kwa Sh14,000. Fundi akaitia keria ya chuma. Sasa kutoka Webuye kurudi juu nashuka mara mbili tu, labda tatu jua likiwa kali. Zilizobaki ni karo ya binti yangu.

Ile ya mbio ingali ukutani pale. Nikifika karibu na duka lile huvuka barabara.