Hesabu ya Kitu Kisichoshikika



Imezuka miongoni mwa vijana wetu kazi ya mikono ambayo wazee wetu hawakuijua. Kijana hununua mashine ndogo ya kukaa juu ya meza, yenye kisu kinachozunguka kwa umeme. Kompyuta ndiyo inayokiongoza kisu hicho kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini, kikachonga ubao kwa kipimo kilichoandikwa. Asili ya jambo hili si ya jana. Mwaka 1952 chuo cha MIT huko Marekani kilionyesha mashine ya kukatia chuma iliyoongozwa na tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Siku zile jambo hilo lilikuwa la viwanda vikubwa na serikali. Leo limeingia uani mwa nyumba zetu.

Sisi twaipenda kazi hii. Kijana anayepitisha jioni yake akichonga nakshi ni heri kuliko anayeipitisha barazani akisengenya watu. Lakini kila chenye faida kina gharama, na katika kazi hii gharama iliyo rahisi kusahauliwa ni ile isiyoonekana kwa macho, nayo ni programu.

Mpwa wetu mmoja alitujia baada ya sala ya isha akiwa na karatasi mkononi. Mama yake, dada yetu, alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, naye aliridhia kumsaidia mwanawe anunue mashine ya namna hiyo, achonge marufaa za kuwekea misahafu na vibao vya nakshi. Kwanza kwa kujifunza na kujiburudisha, na baadaye, Mungu akijaalia, kwa kuuza kidogo kidogo. Hesabu ya karatasi ile ilikuwa safi: bei ya mashine, usafiri na ushuru, visu, mbao, na miwani ya kuhifadhi macho. Jumla yake ilimaliza fedha zote za upatu.

Tukamuuliza, "Na hiyo kompyuta itajuaje kuchonga?"

Akajibu, "Programu zipo, mjomba. Kuna jamaa atanipa zote ndani ya flashi moja, kwa bei ya sahani ya pilau."

Hapo tuliona kwamba hesabu ile, pamoja na usafi wake, ilikuwa na tundu. Kwa kuwa elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, tulimtaka atufahamishe kwanza mambo yenyewe yalivyo. Akatufundisha usiku kadhaa. Mwalimu akawa mwanafunzi.

Tulifahamu kwamba kazi za programu ni tatu. Ya kwanza ni kuchora kitu kinachotakiwa. Ya pili ni kuugeuza mchoro uwe njia ya kisu: kiingie wapi, kwa kina gani, kwa mwendo gani, na matokeo yake ni mistari ya amri za herufi na tarakimu, nyingi zikianza kwa herufi G. Ya tatu ni kuzisoma amri hizo na kuziendesha mota. Pengine programu moja hufanya kazi mbili, lakini ikikosekana kazi moja katika tatu hizi, mashine huwa ni mzigo wa chuma tu.

Na njia za halali za kuzipata ni tatu vilevile. Njia ya kwanza ni kupewa. FreeCAD, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, huchora na pia hutengeneza njia ya kisu. Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norwe, hukaa ndani ya kibao kidogo cha Arduino na kuendesha mota. LinuxCNC, ambayo asili yake ni kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani katika miaka ya 1990, hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya kompyuta kamili. Wenyewe wameruhusu zitumike bure, hata na mwenye kuuza kazi yake.

Njia ya pili ni kununua mara moja, kama VCarve ya kampuni ya Vectric. Uliyoinunua ni yako kuitumia siku zote, ila matoleo mapya ya baadaye yana malipo yake.

Njia ya tatu ni kupanga, kama mtu apangavyo nyumba. Fusion ya kampuni ya Autodesk ni ya namna hii. Ipo pia sura yake ya bure kwa matumizi ya mtu binafsi, lakini si ya biashara, na mwaka 2020 masharti yake yalikazwa: michoro iliyo wazi kufanyiwa kazi isizidi 10 kwa wakati mmoja, na ule mwendo wa haraka wa kisu pale kisipokata ukaondolewa, hata kazi ikachukua muda mrefu zaidi. Hatulaumu, kwani mwenye mali ana haki ya kuweka masharti. Lakini aliyejenga kazi yake yote juu ya ukarimu wenye masharti na ajue kwamba masharti hubadilika, na kwamba mpangaji akiacha kulipa, michoro yake huweza kubaki ndani ya nyumba asiyokuwa na ufunguo wake.

Sasa tuhesabu, kwa mfano tu. Tuseme programu ya kupanga ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Kijana husema ni kidogo. Kwa mwaka ni 960,000, na kwa miaka 3 ni 2,880,000. Tuseme ya kununua ni 900,000, na katika miaka hiyo 3 akalipia toleo jipya mara moja kwa 300,000. Jumla ni 1,200,000. Tena tutazame upande mwingine: anayechonga Jumamosi 2 tu kwa mwezi, kila siku yake ya kazi ina kodi ya shilingi 40,000 kabla hajanunua hata ubao mmoja. Fundi anayechonga kila siku huenda akaona kodi hiyo ni nyepesi, kwani programu nzuri humwokolea saa nyingi. Kwa mwenye kujiburudisha ni mzigo mzito. Basi asiulize kwanza programu ipi ni bora. Aulize atachonga siku ngapi.

Wala cha bure si bure kabisa. Gharama yake ni wakati wa kujifunza, na visu vitakavyovunjika mwanafunzi akikosea kina au mwendo. Hivyo navyo viandikwe katika karatasi.

Ikabaki ile flashi ya bei ya pilau. Mpwa wetu alitwambia, "Mjomba, wenye programu hizi ni matajiri, hawapungukiwi na kitu." Tukamuuliza: mtu akiangua nazi katika shamba la tajiri bila ruhusa, je, nazi zile huwa zake kwa kuwa tajiri anazo nyingi? Na kama yuko anayedhani kwamba kisichoshikika hakina mwenyewe, na ajue kwamba mwaka 1988 wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, waliokutana Kuwait, waliamua kwamba haki za mtungaji na za mvumbuzi zimehifadhiwa kisheria, wala haijuzu kuziingilia. Tena programu ya wizi huja mara nyingi na virusi, na kisu kikienda kombo kwa kasoro yake hakuna wa kumlalamikia.

Lakini maneno yaliyomwingia kijana hayakuwa yetu. Mama yake, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, alisema: "Fedha za upatu huu zimetoka kwa wanawake wenzangu, mmoja anauza maandazi, mmoja anashona kofia. Sitaki jasho lao lichanganyike na kitu cha wizi, tena ndani ya marufaa itakayobeba msahafu." Kijana aliinamisha kichwa, akaikunja ile karatasi.

Siku ya tatu alileta nyingine. Alikuwa amechagua mashine ndogo zaidi, inayoendeshwa kwa Grbl, na akaandika FreeCAD kwa kuchora. Sehemu moja katika tano ya fedha aliiweka kando, kwa visu vya kujifunzia, mbao laini za bei nafuu, na akiba ya kununua programu siku atakapoona kazi yamhitaji. Alikaa miezi miwili akijifunza kila jioni, na wakati mwingine akikasirika. Marufaa yake ya kwanza ilipasuka katikati. Ya nne iko katika chuo chetu, na watoto huisomea.

Basi enyi vijana, andikeni mstari wa programu kabla ya mstari wa mashine. Someni masharti kabla ya kukubali, na mtazame kama yaruhusu kuuza. Hesabuni miaka mitatu, si mwezi mmoja. Anzeni kwa kile wenyewe walichokitoa kwa ridhaa yao, na mkikinufaikia, wachangieni kwa fedha, au mfundisheni mwenzenu. Nanyi wazazi, mnapoombwa fedha za mashine, msiulize bei yake peke yake. Ulizeni pia itaongozwa na nini, cha nani, na kwa ruhusa gani.

Wabillahi tawfiki.