MWALIMU KIPENGA ALIIJUA SIRI YANGU

Wiki hii msitegemee stori za mapenzi wala za fasheni. Mtanisamehe. Nimetoka Tanga msibani, na nimerudi na jambo ambalo nimelificha kwa zaidi ya miaka thelathini. Leo nalitapika.

Jina la marehemu silitaji, mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Sisi wanafunzi tulimwita Kipenga, maana kipenga hakikumtoka shingoni. Mstarini asubuhi anacho, darasani anacho, hata siku ya mahafali, ndani ya kaunda suti yake ya kijivu, kamba inaonekana. Alifika pale shuleni kijana mbichi kufundisha Jiografia. Akapewa timu ya mpira kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyekuwa tayari kukimbizana na watoto juani. Baadaye akawa makamu, halafu mkuu wa shule, na timu hakuiacha. Alistaafia palepale.

Wenzake walihama kufuata vyeo. Wengine waliacha chaki wakaenda kuuza mitumba, maana ile miaka ya ruksa ya Mzee Mwinyi mshahara wa mwalimu ulikuwa hauoni tarehe kumi na tano. Yeye alibaki na baiskeli yake ya Phoenix. Mkewe alikuwa akikaanga vitumbua nyuma ya nyumba za walimu, na wateja wenyewe ndo sisi, kwa mkopo tena! Mimi nadhani nilimaliza shule nikiwa nadaiwa.

Nisimfanye malaika lakini. Kiboko alikuwa nacho na alikitumia. Niliwahi kula vinne kwa kuchelewa mchakamchaka, na sababu ya kuchelewa hakuniuliza: mama alikuwa anaumwa. Hapo sikubaliani naye mpaka leo, na nilishamwambia akiwa hai. Alinijibu, "Kweli, nilikosea," basi, akaendelea kumenya chungwa lake.

Ila kufundisha! We acha tu. Ramani ya dunia ilikuwa imetundikwa ukutani, imechanika upande wa Australia, na yeye alikuwa anafundishia riadha. Unataka kujua kwa nini hewa ya milimani ni nyepesi? Anakupeleka Mexico City mwaka 1968. Mji uko mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, na huyo hapo John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzako, ameanguka katikati ya marathoni, goti limeumia, amefungwa bandeji. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, ameshamaliza saa nzima iliyopita. Watu wanaondoka uwanjani. Akhwari anaingia anachechemea, anazunguka, anamaliza. Kipenga alikuwa anachechemea darasani kutoka mlangoni mpaka ubaoni, darasa zima kimya, halafu ghafla anageuka: "Kwa hiyo, mita ngapi juu ya usawa wa bahari?" Mpaka leo sijaisahau.

New Zealand tuliijua kwa Filbert Bayi, Christchurch 1974, alipoongoza mita 1,500 toka mwanzo mpaka mwisho akaweka rekodi ya dunia, 3:32.2. Moscow tuliijua kwa medali mbili za fedha za 1980, ya Bayi na ya Suleiman Nyambui. Wengi tuliofeli Hisabati pale shuleni, Jiografia tulipasi.

Sasa tuje kwenye siri.

Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 1987. Sikuchaguliwa. Kwa vijana wa leo nieleze: nafasi za sekondari za serikali zilikuwa za kuhesabu, na ukishakosa hauruhusiwi kurudia. Kwa hiyo watu walifanya nini? Walirudia kwa jina la mtu mwingine. Mtoto ameacha shule, jina lake bado limo kwenye rejesta, wewe unahamia shule hiyo unakalia dawati lake, mwalimu akiita unaitikia "Nipo!" Najua kuna wasomaji hapa wameacha kutafuna. Tuko wengi, jamani. Wengine ni mabosi.

Baba yangu akaongea na watu. Nikapelekwa shule nyingine, mbali na mtaa wetu, nikapewa jina la kijana aliyekuwa ameacha darasa baba yake alipofariki, akaenda baharini kuvua. Majina yote matatu, lake, la baba yake na la babu yake. Mwaka huo wa 1988 Coastal Union ikachukua ubingwa wa Bara, mji mzima ukawa mwekundu na mweupe, watu wanaimba barabarani, na mimi niko katikati yao nazoea kugeuka nikiitwa jina la mtu. Mtihani nikapasi. Januari 1989 nikaingia kidato cha kwanza, kwa Kipenga.

Siku ya kwanza alinitazama kwa muda mrefu kidogo. Nikadhani ananipima urefu kwa ajili ya timu.

Mwaka 1991 nikiwa kidato cha tatu nilikuwa kapteni. Tulikuwa na timu, nisiwafiche. Tulifika fainali ya kupata timu ya kwenda UMISSETA, na wapinzani wetu, shule siitaji, walikuwa na mamluki wawili waziwazi. Mmoja alikuwa na ndevu, wallahi. Yule tulikuwa tunamjua, alikuwa anacheza timu ya mtaani na ameshaoa. Tukapeleka malalamiko, yakazungushwa. Ndipo vijana tukakaa kikao: na sisi tulete wetu! Kulikuwa na winga mmoja wa barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, mguu wa kushoto kama amezaliwa nao peke yake. Nafasi yake tungeipata kwa kumweka benchi kadogo kamoja ka kidato cha pili.

Tukaenda ofisini kwa Kipenga, ujumbe wa watu wanne, mimi msemaji. Nikaongea vizuri. Nikasema Mwalimu, wenzetu wanafanya, kila mtu anafanya, ukiwa mkweli peke yako unabaki mjinga peke yako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akawaambia wenzangu watoke wafunge mlango.

Halafu akaniita jina langu.

Si lile la kwenye rejesta. Lile alilonipa bibi yangu.

Miguu ikaniisha nguvu. Alifungua mtoto wa meza akatoa kijidaftari cha zamani, akafunua, akanigeuzia nisome. Mashindano ya shule za msingi, 1987. Yeye ndiye aliyekuwa refa wa mechi yetu. Kadi ya njano, "kubishana na mwamuzi", na jina langu halisi kwa mwandiko wake. Alikuwa anajua toka siku ya kwanza! Miaka miwili na nusu ananiita jina la uongo mstarini bila kupepesa, na yeye mwenyewe ni mkuu wa shule. Wakubwa wake wangejua, mimi ningefukuzwa, na yeye sijui wangemfanya nini.

"Kiti cha mwenzio umeshakikalia," akaniambia. "Nikikunyanyua leo, mwenyewe hatarudi darasani. Kwa hiyo kalia vizuri. Lakini usije kwangu kuniomba nimnyanyue na huyu mtoto wa kidato cha pili."

Nilikuwa nalia, nadhani. Akanipa leso.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Mtafute."

Fainali tukafungwa mbili bila. Bao zote mbili za mwenye ndevu. Kale ka kidato cha pili kalicheza vibaya mno, na wenzangu walinuna na Kipenga muhula mzima, wengine walimwita mshamba mbele ya macho yake. Sikuwaambia kitu. Ningewaambia nini? Baada ya mechi Kipenga alikwenda kumpa mkono yule straika wao, kwa heshima kabisa, akamwuliza kwa sauti kila mtu asikie: "Habari za watoto nyumbani?" Uwanja ulianguka kicheko. Hilo ndilo kombe tulilorudi nalo.

Nilimaliza kidato cha nne 1992. Nikasoma zaidi, nikahamia Dar, nikapata kazi, nikaoa. Vyeti vyote, hati ya ndoa, pasipoti, ni jina lile. Watoto wangu wanabeba ubini wa babu wa watu. Kila nilipofika Tanga nilikuwa nampitia Kipenga na kilo ya sukari, tunakaa barazani, na kabla sijaaga lazima aulize: "Umemtafuta?" Nami najibu, "Bado, Mwalimu." Nikajifanya nina shughuli. Ukweli niliogopa. Unamtafuta mtu umwambie nini? Shikamoo, mimi ndiye wewe niliyesoma? Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa imeshakwisha kwa maradhi, akanyanyua nyusi tu. Nikatikisa kichwa.

Aliondoka mwezi uliopita. Alizikwa alasiri ileile, sikuwahi. Nikafika siku ya tatu, kwenye hitima. Watu! Mabaraza ya nyumba tatu yamejaa, wazee wenye mvi waliochapwa viboko na yeye, wanasheria, madereva wa daladala, mama mmoja aliyekuwa golikipa wa timu yetu ya mikono. Pilau ikaliwa. Msemaji wa familia akachukua daftari la rambirambi akaanza kusoma majina, fulani elfu kumi, fulani elfu ishirini. Akalifikia la kwangu: elfu hamsini. Akasoma mengine kama manne hivi, akasimama.

"Hapa mwandishi amekosea," akasema, "jina hili limejirudia. Yote matatu. Huku elfu hamsini, huku elfu tano. Nifute moja?"

Watu wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika glasi ya maji, nikaiweka chini. Kichwani najiambia kaa kimya, wewe ni mtu mzima, una heshima zako. Nikasikia sauti yangu inasema, "Usifute."

Na kwa nyuma, karibu na pipa la maji, sauti nyingine ilikuwa imesema hivyohivyo.

Alikuwa mtu mwembamba, mweusi wa jua, ana kofia mkononi. Tulikutana nje, chini ya mwarobaini. Nilikuwa nimeandaa hotuba kwa miaka thelathini na kitu, yote ikapotea. Nikamwambia tu: "Ndugu yangu, mimi ndiye..." Akanikatisha. Akasema anajua. Kipenga alimtafuta zamani, wiki ileile ya fainali yetu, akaenda mwenyewe na baiskeli mpaka Deep Sea kwenye soko la samaki. Akamwingiza kwenye timu yake ya jioni ya mtaani, na baada ya mazoezi akawa anambakiza barazani anamfundisha kusoma ramani. Kwa ramani hizo alikuja kupata kazi kwenye boti.

"Mwalimu alisema ipo siku utakuja," akaniambia. "Akasema nisikupige."

Nikamwuliza kama aliwahi kutaka kunipiga. Akafikiri kwanza.

"Mwanzo, ndiyo."

Tukaketi kwenye jamvi moja. Waliokuwa ndani walikuwa wamerudia kusoma majina. Akanisogezea kahawa, akanitazama kama Kipenga alivyonitazama ile siku ya kwanza.

"Sasa bwana," akasema, "wewe hasa unaitwa nani?"

Nikamwambia.