Nani Atamfunza Mhandisi Kazi?

Huenda nawe ni mzazi au mlezi wa kijana anayesomea uhandisi katika mojawapo ya vyuo vyetu vikuu. Kama ndivyo, jambo nitakalolieleza leo si geni kwako. Kila mwaka masomo yanapofungwa, kijana huyo harudi nyumbani kupumzika. Huanza kuzunguka na bahasha ya kaki, akiomba shirika, mgodi au kampuni yoyote impokee kwa majuma manane ya mafunzo kwa vitendo, au "fildi" kama wanafunzi wenyewe waitavyo.

Utaratibu huu si wa jana. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, mafunzo ya viwandani yaliwekwa ndani ya shahada yenyewe, baada ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kabla ya hapo kijana wa Tanzania aliyetaka kuwa mhandisi ilimbidi avuke mpaka kwenda kusoma Nairobi. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, lililomtaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Azimio hilo lilikuwa na matatizo yake na hatimaye likaachwa. Hata hivyo swali lililolizaa bado lipo: elimu na kazi zitakutana wapi, na nani atazikutanisha?

Ninaye binti, mtoto wa dada yangu mkubwa aliyeolewa Ngara. Kwa desturi zetu huyo ni mwanangu pia, naye huniita mama mdogo. Anasomea uhandisi wa mitambo. Fildi yake ya kwanza aliipata katika kiwanda kimoja, mbali na Kagera, ambacho hakuna haja ya kukitaja. Kwa majuma manane alikaa ghalani akinakili namba za vipuri daftarini. Mashine alizisikia zikinguruma upande wa pili wa ukuta. Hakuna aliyemtendea ubaya, ila hakuna pia aliyekuwa amekabidhiwa kazi ya kumfunza. Siku ya mwisho alipigiwa muhuri, akaondoka.

Mwaka uliofuata alipangiwa karakana ndogo. Humo alimkuta fundi mchundo wa makamo, mtu wa elimu ya darasa la saba, ambaye asubuhi ya kwanza alimpa ovaroli na kumwambia, "Mwanangu, hapa hatutazami, tunashika." Akamfundisha kufungua pampu na kuifunga tena, kuitambua beringi iliyochakaa kwa kuisikiliza tu, na kuandika kila jioni alichokosea na sababu yake. "Mama mdogo," binti aliniambia aliporudi, "ndipo nilipoyaelewa mambo niliyokuwa nimekwisha kuyafaulu katika mtihani."

Kauli hiyo nimeifikiri sana. Mimi mwenyewe nina stashahada ya uandishi wa habari, na ninavikumbuka vitabu tulivyosomeshwa. Lakini habari ya kwanza iliyostahili kuchapishwa niliiandika kwa sababu mhariri mmoja msaidizi alinirudishia karatasi ileile mara tano, akikaa nami kila mara kunionyesha palipopwaya.

Sasa tuitazame Ngara yenyewe na jirani yake Biharamulo, wilaya ambazo wengi wetu huzijua kwa habari za mpakani na za wakimbizi wa mwaka 1994. Katika maporomoko ya Rusumo, Mto Kagera upitapo kati ya Ngara na Rwanda, kimejengwa kituo cha umeme wa maji cha megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa sehemu sawa. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 mwaka 2013, na ujenzi ukaanza mwaka 2017. Nyumba ya mitambo iko upande wetu. Kutoka hapo njia ya umeme ya kilovolti 220 inakwenda karibu kilomita 94 hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Huko Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi, iko nikeli iliyogunduliwa katika miaka ya 1970. Leseni yake ilipita katika mikono mingi kabla ya mkataba wa Januari 2021 ulioizaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Biharamulo nayo ina dhahabu ya Tulawaka, iliyoanza kuchimbwa na wageni mwaka 2005. Mwaka 2013 mgodi ulikabidhiwa kwa STAMICO, shirika letu la madini, ambalo huuendesha kupitia kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD.

Turbini, jenereta, transfoma, mahandaki, vinu vya kusaga mawe: karibu kila kitu ambacho mwanafunzi wa uhandisi huchorewa ubaoni kwa miaka minne kimo, au kimepangwa kuwamo, katika wilaya hizi mbili. Wakandarasi wa ujenzi wa Rusumo walitoka China, na mitambo ililetwa na kampuni ya Andritz ya Austria. Hao wamefanya kazi yao. Lakini turbini huishi miaka mingi kuliko mkataba wa aliyeileta, na siku itakapogoma usiku wa manane atakayeitwa ni mtu wa hapa.

Ni haki tuwasikilize wenye viwanda pia. Mwanafunzi asiyejua taratibu za usalama ni hatari kwake na kwa wenzake. Anahitaji buti, kofia ngumu, bima na mtu wa kumchunga. Meneja naye hupimwa kwa tani alizotoa, wala sijapata kusikia aliyepandishwa cheo kwa kuwa alifunza wanafunzi watano. Vyuo vina lawama yao pia. Kutoka Dar es Salaam hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,000, na mhadhiri afikapo mara nyingi hukaa nusu saa, akatia saini, akaondoka, ilhali naye angejifunza mengi kama angelala pale siku tatu.

Sheria hazikosekani. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinamtaka mwenye leseni aonyeshe mpango wa kuajiri na kufunza Watanzania. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 utaratibu wa kuwaweka wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu, na baadaye Norway ikasaidia kuwaingiza wanawake wengi zaidi. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliopata dola milioni 425 mwaka 2021, unavitaka vyuo viunde kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Yote ni mema. Ila kamati inayokutana mjini kwa chai na maandazi haiwezi kujua kama binti aliyeko mgodini ameshika spana au kalamu tu.

Kwa maoni yangu, kinachopungua ni kitu kidogo kuliko sheria. Kila mahali panapopokea wanafunzi pawe na mtu mmoja, kwa jina lake, aliyepewa saa za kufunza ndani ya saa zake za kazi na malipo kwa ajili yake. Huenda akawa mhandisi, huenda akawa fundi mchundo kama yule wa karakana. Nafasi zitangazwe kabla vyuo havijafungwa, na sehemu yake wapewe vijana wa wilaya yenyewe. Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi hulipata, na kijana alalaye kwao halipi pango.

Nawe mzazi, kijana wako arudipo fildi usimwulize tu kama amepigiwa muhuri. Mwombe daftari lake, ulisome ukurasa kwa ukurasa, hata kama michoro huielewi, na umwulize ni nani aliyemfunza kila kilichoandikwa humo.

Binti yetu amebakiza fildi moja. Safari hii ameomba Ngara, wala hajajibiwa. Dada yangu amekwisha kupaka chokaa chumba cha uani.