Historia Itampeleka Wapi?

Agosti iliyopita, mama mmoja alinikuta nikipanga viti katika ukumbi mdogo wa kanisa hapa Skuta. Hakuketi. "Kijana, hii historia yako itampeleka wapi msichana wangu?"

Nilidhani ni mambo ya maksi. Binti yake alikuwa fomu thrii, na wenzake wengi walikuwa tuisheni ya hesabu na kemia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo, lakini mtaani mzazi asiyelipia tuisheni huonekana hajali. Mimi nilikuwa na wanafunzi saba, Jumanne na Alhamisi, bila malipo.

Wazo nililitoa mbali. Nilikuwa nimesoma kuhusu Telluride Association ya Marekani, iliyoanza semina za likizo za bure kwa wanafunzi wa sekondari mwaka 1954. Vijana wanasoma, wanabishana, wanaandika, hakuna maksi. Nikajiuliza, mbona isiwe Nyeri? Halafu nikakumbuka 1954 ilikuwa mwaka gani huku kwetu: hali ya hatari, watu wakitolewa mashambani kwao kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vilivyolindwa na askari. Basi tukaanzia hapo.

Wiki ya pili tulisoma kesi ya Dedan Kimathi. Kwamba alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, akahukumiwa hapahapa Nyeri, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957, hayo walikuwa wameyakariri. Wasichojua ni shtaka lenyewe: kupatikana na bastola na risasi.

"Hiyo tu?" aliuliza yule msichana.

Wakabishana saa nzima. Mmoja akasema sheria ni sheria. Mwingine akauliza sheria ya nani. Kisha mvulana mmoja akasema, polepole, "Guka yangu alikuwa homgadi." Ukumbi ukanyamaza. Katika nyumba nyingi za huku, ni kawaida kusema babu alikuwa msituni. Hilo lingine halisemwi.

Sasa mama yake yule msichana alikuwa mbele yangu. "Jana usiku ameniuliza guka yake alikuwa upande gani. Mbele ya cucu yake. Cucu hajala mpaka saa hii."

Sikuwa na jibu.

"Na nasikia chuo kilikushinda. Nani alikutuma kufundisha watoto wa watu?"

"Hakuna, mama. Nisamehe."

Ni kweli niliacha chuo. Huko nilifundishwa historia kama kitu cha kuandika kwenye mtihani na kusahau. Nilitaka hawa saba waijue kwa njia nyingine, lakini sikuwa nimefikiria kwamba swali likitoka ukumbini linaingia jikoni kwa mtu, na kuna mzee pale anayejua jibu.

Alhamisi msichana hakuja. Jumanne iliyofuata alikuja, akakaa nyuma. Sikumuuliza kitu. Kipindi kilipoisha alinionyesha daftari: kurasa tatu za Kikuyu, maneno ya cucu yake, aliyokuwa ameyaandika mwenyewe. Akalifunga kabla sijasoma. "Mama amesema si ya kusomewa watu."

Likizo ijayo nitafungua tena ukumbi. Ila siku ya kwanza nitaita wazazi.